John Milton, kipofu aliyesimulia vita vya malaika

Karibu kila Mkristo wa makanisa yetu ana picha kichwani ya namna Shetani alivyoanguka: malaika waasi, vita mbinguni, shimo la moto, halafu baraza la mashetani wakipanga njia ya kuwaharibu Adamu na Hawa. Tafuteni picha hiyo nzima katika Biblia, mtapata vipande tu: Ufunuo 12, mstari mmoja wa Yuda, maneno machache ya Petro. Mtu aliyevishona vipande hivyo kuwa kisa kirefu kimoja, ambacho Waprotestanti wa Uingereza walikisoma kwa vizazi vingi, alikuwa John Milton. Alikitunga akiwa hana macho.

Alizaliwa London tarehe 9 Desemba 1608. Baba yake aliishi kwa kuandika hati na mikataba ya watu, tena alitunga muziki. Kijana alisoma Cambridge akitazamia kazi ya uchungaji, lakini hakuweza kukubali utawala wa maaskofu wa wakati ule, akabaki mlei mwenye vitabu. Tangu alipokuwa na miaka 12 alisoma hadi usiku wa manane, na baadaye mwenyewe aliona kwamba macho yalianza kuharibika hapo. Katika safari yake ya Italia, 1638 hadi 1639, alimtembelea Galileo, mzee aliyefungiwa kwa amri ya mahakama ya Kanisa la Roma. Galileo naye alikuwa amepofuka.

Uingereza ikaingia vitani, Bunge dhidi ya mfalme, na Milton alikuwa upande wa Bunge. Mfalme Charles wa kwanza alikatwa kichwa Januari 1649. Miezi michache tu baadaye Milton akawa katibu wa serikali mpya, mwandishi wa barua zake za Kilatini kwa mataifa ya nje. Alipoombwa aitetee serikali hiyo kwa kitabu, waganga walimwonya kwamba kazi hiyo itammalizia jicho lililobaki. Akaandika. Kufikia 1652 alikuwa kipofu kabisa, na umri wake miaka 43. Mwaka huohuo mke wake Mary alikufa baada ya kujifungua, kisha mtoto wao wa pekee wa kiume akafa.

Adui zake walifurahi. Waliandika kwamba Mungu mwenyewe amempiga kwa sababu aliutetea mkono uliomuua mfalme. Milton alijibu hadharani kwamba ameichunguza dhamiri yake mbele za Mungu na hakuona kosa la namna hiyo, na kwamba watu wengi wa haki walikuwa vipofu kabla yake.

Shtaka hili tunalijua hata hapa Niemba. Upofu wa mto huletwa na inzi wadogo weusi wa maji ya kasi, na dawa ya kuuzuia ipo. Lakini mzee akipoteza macho, jirani huuliza kwanza nani amemroga, au yeye amemroga nani. Wanafunzi wa Yesu walianza na swali la jamii hiyo katika Yohana 9, na Bwana hakulikubali.

Mwaka 1660 ufalme ulirudi. Milton alijificha, vitabu vyake vikachomwa na mnyongaji wa serikali, naye akafungwa kwa muda. Marafiki walimwombea, kati yao mshairi Andrew Marvell aliyekuwa mbunge, akaachiliwa. Sehemu kubwa ya akiba yake ilipotea. Sisi tunaokaa kando ya reli ya Kalemie na Kabalo tumeona watu wakilala na heshima zao na kuamka wakimbizi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika miaka hiyo ndipo shairi lilipokua, Paradise Lost, yaani Paradiso Iliyopotea, lenye mistari zaidi ya 10,000. Mistari ilimjia usiku na alfajiri. Aliishika kichwani mpaka apatikane mtu wa kuandika, na mwandishi akichelewa alilalamika kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa. Kisha alirudi juu ya mistari hiyo, akaikata na kuipunguza. Mpwa wake Edward Phillips alisahihisha tahajia. Tauni ya 1665 ikamfukuza London, moto mkubwa wa 1666 ukala mji, na mwaka 1667 kitabu kikatoka. Katika maisha yake kilimletea pauni 10 tu.

Je, ni halali Mkristo kumtungia Shetani hotuba ambazo Biblia haina? Nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Milton alilijua swali hilo: ndani ya shairi malaika Rafaeli anamweleza Adamu kwamba mambo ya mbinguni hawezi kuyasimulia ila kwa mfano wa mambo ya duniani. Wengine husema Shetani wake anavutia kupita kiasi. Mimi naona hapo yuko karibu na kweli, maana shetani wa pembe na mkia hamdanganyi mtu. Filamu za wachawi zinazotazamwa na vijana wetu huwaachia hofu tu. Huyu anakuachia huzuni ya Edeni. Hata hivyo simweki kuwa mwalimu wa imani: kitabu chake cha mafundisho, kilichogunduliwa 1823, hakiungami Utatu kama tunavyouungama sisi.

Kuna jambo lingine linalonisumbua kuliko hilo. Kipofu wetu huongozwa na mtoto anayeshika ncha ya fimbo, na mara nyingi mtoto huyo hayuko shuleni. Milton alikuwa na mabinti watatu. Anne, wa kwanza, alikuwa na ulemavu na hakujua kuandika. Mary na Deborah walifundishwa kutamka Kigiriki, Kilatini, Kiebrania na lugha nyingine ili wamsomee baba, bila kufundishwa maana ya maneno. Walisoma hivyo kwa miaka, wakachoka, na chuki ikaingia nyumbani. Alipokufa Novemba 1674, aliacha karibu kila kitu kwa mke wake wa tatu, Elizabeth. Mabinti walikwenda mahakamani.

Deborah aliolewa na mfumaji wa nguo, akaishi maisha magumu hadi 1727. Wageni waliokuja kumwona bibi huyo kwa sababu ya jina la baba yake walisimulia kwamba alipoonyeshwa picha yake alilia, na kwamba bado aliweza kutamka kwa moyo mistari ya Homer kwa Kigiriki.