Arnold Rosé na fidla ya miaka 57
Sisi wa Pwani fidla twaijua kwa taarabu. Mimi kila niisikiapo humkumbuka Arnold Rosé, aliyezaliwa Romania mwaka 1863 katika familia ya Kiyahudi. Ana miaka 17 tu, aliwekwa kuwaongoza wapiga fidla wa okestra ya opera mjini Vienna. Alidumu hapo miaka 57, na vijana wengi aliwafundisha. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, alifukuzwa kwa sababu ya asili yake. Alikimbilia London, akafia huko mwaka 1946. Bintiye Alma, mpiga fidla pia, alifia kambini Auschwitz mwaka 1944. Ndugu zangu, aliyetutumikia umri wake wote tusimuulize babu yake alitoka wapi.