Odhiambo: Mwalimu wa zuolojia aliyetaka Afrika ijichunguzie wadudu wake

MKULIMA wa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, anapopasua bua la muhindi ulionyauka na kukuta funza ndani yake, huwa amekutana na mmoja wa maadui ambao Profesa Thomas Risley Odhiambo alitumia umri wake kuwahimiza Waafrika wawachunguze wenyewe.

Msomi huyo alizaliwa Mombasa mnamo Februari 4, 1931. Alisoma katika Shule ya Maseno kisha akajiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya nchi hiyo, ambako alichunguza na kuainisha kunguni wanaofyonza mimea.

Baadaye alivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Sir Vincent Wigglesworth, mtaalamu aliyesifika duniani kwa elimu ya utendaji wa mwili wa mdudu. Huko Odhiambo alichunguza nzige wa jangwani. Alionyesha jinsi homoni ya tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume inavyoongoza kupevuka kwake na matumizi ya mafuta mwilini mwake. Alihitimu shahada ya uzamifu mnamo 1965.

Mwaka huo huo alirejea nyumbani kufundisha zuolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Wahadhiri wengi walikuwa wageni.

Odhiambo aliona hatari katika hali hiyo. Mwanafunzi angeweza kufaulu mitihani yote, lakini mbung'o, kupe na viwavijeshi wa nchi yake wabaki kuchunguzwa na wageni wanaokuja na kuondoka. Mnamo 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani, akidai kwamba maendeleo ya Afrika Mashariki yangehitaji sayansi iliyojengwa papa hapa.

Wito huo uliwavutia wanasayansi mashuhuri wa ng'ambo, na mwaka wa 1970 Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ICIPE, kikaanzishwa Nairobi, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake. Kilianza kwa unyonge katika eneo la Chiromo. Mabingwa kutoka vyuo vikuu vya nje walizuru mara kwa mara kuwaelekeza watafiti vijana, lakini kazi yenyewe ilifanyiwa hapa nchini.

Chuoni nako aliinuka hadi kuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo.

Kilio chake cha walimu hakikukoma. Mnamo 1983, ICIPE ilishirikiana na vyuo vikuu vya Afrika kuanzisha mpango wa kuwafunza vijana shahada ya uzamifu katika sayansi ya wadudu bila kulazimika kuhamia Ulaya. Vilevile alikuwa rais mwanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, na mwaka wa 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika vita dhidi ya njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Aliondoka ICIPE mwaka wa 1994 na kufariki Nairobi mnamo Mei 26, 2003, akiwa na umri wa miaka 72.

Kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kina jina lake. Huko ndiko ulikoendelezwa mtindo wa sukuma-vuta: desmodium hupandwa katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo wanaotaga mayai ya funza, huku nyasi za nepia zilizozunguka shamba zikiwavuta.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha za ICIPE bado hutoka kwa serikali na mashirika ya kigeni. Odhiambo aliwapata wanafunzi, akawapata walimu. Bajeti ya Waafrika wenyewe ndiyo deni alilowaachia waliobaki.