Maalim wa Pemba aliyeshika viti vitatu

Ukikaa na watu wa umri wangu hapa Qurayyat, mazungumzo ya Zanzibar ya zamani hayakosi majina mawili: Sayyid Jamshid na Sheikh Ali Muhsin. Yule aliyekuwa Waziri Mkuu siku Mwingereza anatoa uhuru, hatajwi. Vijana wetu wengi wa Muscat, Dubai na Doha wanadhani serikali ile iliongozwa na Mwarabu. Sivyo. Iliongozwa na Mshirazi wa Pemba, mwalimu wa skuli, Sheikh Muhammad Shamte Hamadi. Namwandika kwa kuwa ni mwalimu mwenzangu, na kwa kuwa hisabati yake ya viti ina mkono mkubwa katika kutufikisha huku tuliko, na majumbani tunaisimulia nusu nusu.

Kwanza niwafafanulie vijana. Hapa Oman tunachagua watu wa Baraza la Manispaa na wa Majlis Shura, lakini mgombea anasimama kwa jina lake, hakuna chama. Zanzibar ya miaka ile ilikuwa mbali na hivyo. Chama kiliingia mpaka chumbani. Wazee huita miaka ile zama za siasa, na ukisikia neno hilo kwa Mzanzibari mzee, ujue hasemi siasa kwa jumla, anasema kuanzia 1957 hadi Januari 1964.

Sheikh Shamte aliingia katika zama hizo akiwa mtu mzima, ameshasomesha watoto wa Pemba, anajulikana na kuheshimika. Julai 1957 Mwingereza aliruhusu viti 6 tu vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Wanawake hawakupiga kura mwaka ule. Hizbu, yaani ZNP, chama cha jogoo, hakikupata hata kiti kimoja. Ali Muhsin mwenyewe alishindwa na Abeid Karume Ng'ambo. Viti vya Pemba vilichukuliwa na watu wawili wa Jumuiya ya Washirazi: Muhammad Shamte na Ali Sharif Musa. Baadaye wote wawili wakaingia kwa Karume, katika chama tunachokijua kwa jina la Afro-Shirazi.

Baada ya uchaguzi ule wa mwanzo ndipo mambo yalipoharibika. Watu waligomea maduka ya wenzao. Wakulima waliokaa kwenye mashamba ya mikarafuu ya Waarabu kwa miaka mingi wakafukuzwa kwa sababu ya kura zao, na hilo tuliseme sisi wenyewe, tusingoje kuambiwa. Watu wa kijiji kimoja wakawa hawazikani. Ndoa zilivunjika. Viongozi wa bara waliwapatanisha wakubwa wa vyama, ikaundwa kamati ya pamoja ya kudai uhuru, lakini haikudumu.

Desemba 1959 Sheikh Shamte akatoka Afro. Alitoka pamoja na Ali Sharif na Ameri Tajo wa Unguja Kusini, wakaanzisha chama chao, ZPPP, Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba. Hapa ndipo penye ubishi hadi leo. Upande mmoja husema alinunuliwa na Waarabu. Upande wetu husema alifunguka macho. Mimi siamini hata moja.

Mtu akitaka kumfahamu Shamte aitazame Pemba. Unguja mashamba makubwa yalikuwa ya wachache, na kazi ilifanywa na watu wengi waliotoka bara. Pemba ilikuwa nyingine. Mshirazi wa Pemba alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, hata kama ni michache. Jirani yake Mwarabu naye mara nyingi ana shamba dogo kama lake, na msimu ukifika wote wawili wanahangaikia wachumaji na bei. Walikuwa wameoana. Mpemba wa namna hiyo alipotazama uongozi wa Afro aliona watu wa mjini na wa bara, hakujiona yeye. Shamte hakuwa na haja ya kununuliwa ili aone hivyo. Alikuwa na haja ya kuihifadhi sauti ya kisiwa chake isimezwe na Unguja, na hiyo ni haja ya haki.

Basi ikaja Januari 1961, viti 22. Afro wakapata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake Afro walikipata kwa kura moja. Moja, jamani! Sasa hebu fikiria: mwenye viti 3 ndiye mwenye ufunguo wa nyumba, maana wakubwa wote wawili hawaingii bila yeye. Hizbu wakambembeleza, Afro wakambembeleza. Na chama cha watu watatu kikakatika vipande viwili: Shamte na mwenzake mmoja wakaenda Hizbu, Ali Sharif akarudi Afro. Kumi na moja kwa kumi na moja. Hakuna serikali. Ikawekwa serikali ya muda, kikaongezwa kiti cha 23 huko Pemba, na watu wakaitwa tena kupiga kura mwezi wa Juni.

Safari hii Hizbu na ZPPP waliingia wameshaafikiana kabla. Tarehe 1 Juni 1961 kura zikapigwa, na siku ile ile damu ikaanza kumwagika mjini, kisha ikaenea mashamba ya Unguja. Walikufa watu 68, wengi wao Waarabu. Matokeo: Afro 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Kumi na tatu za ushirika zikaunda serikali, na Sheikh Muhammad Shamte, mwenye chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi. Kwa Hizbu ilikuwa busara. Mkubwa wa serikali akiwa Mshirazi, nani atasema hii ni serikali ya Waarabu? Walisema tu.

Na walikuwa na la kushika. Afro peke yao walipata karibu nusu ya kura zote, wakakaa nje. Kura zao zilirundikana Ng'ambo na mashamba ya Unguja, wanashinda kwa maelfu mahali ambapo mia zingetosha. Wenzao wanashinda Pemba kwa kura chache chache, lakini kiti ni kiti. Kisheria hapakuwa na kosa. Mimi sekondari nilisoma skuli ya misheni, tukakaririshwa vita vya Ulaya kwa tarehe zake, na hisabati hii ya kwetu haikuguswa hata siku moja. Ningeijua mapema ningewafundisha wanafunzi wangu kugawa na kujumlisha kwayo.

Mwaka 1962 viongozi walikwenda London kuzungumza katiba. Serikali ilitaka uhuru upesi, Afro wakataka uchaguzi kwanza. Wazo la kuvitia vyama vyote katika serikali moja lilikuwapo, likafa. Kwa maoni yangu hapo ndipo Sheikh Shamte alipopungukiwa. Si pale alipotoka Afro, wala si alipoungana na Hizbu. Ni pale alipokuwa na ufunguo mkononi, akautumia kufunga badala ya kufungua. Yeye alikuwa ndani ya Afro, anawajua watu wake kwa majina. Ali Muhsin hakuweza kuwaita wakaja. Shamte pengine angeweza, kwani bila viti vyake Hizbu wasingekuwa na serikali ya kukataa nayo.

Juni 1963 ikaja serikali ya ndani, yeye akawa Waziri Mkuu. Wakati huo huo Abdulrahman Babu akatoka Hizbu, akaanzisha chama cha Umma na vijana wake. Julai ukafanyika uchaguzi wa mwisho, viti 31: Afro 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Ushirika 18. Afro safari hii walipata zaidi ya nusu ya kura, asilimia 54, na bado wako nje. Wazee wetu walifurahia 18 ile. Ile 54 hawakuihisabu.

Uhuru ulitolewa tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 16 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Serikali ya Sheikh Shamte iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa. Sultani akaondoka kwa meli. Waziri Mkuu hakuondoka. Yeye na mawaziri wake walikamatwa wakatiwa ndani. Waliokufa siku zile katika jamaa zetu kila nyumba inawajua wake, sina haja ya kuwahisabu hapa. ZPPP ikafutwa pamoja na Hizbu, na Zanzibar haikuona tena uchaguzi wa vyama vingi hadi 1995.

Mwaka huo viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda upinzani, CUF, na CCM wakatawala kwa viti vya Unguja, 26 kwa 24. Waliomjua Shamte waliitambua picha, ila safari hii Pemba ndiyo iliyokaa nje. Miaka 15 ya ugomvi ikafuata, na watu wakauawa tena. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kwa kura ya maoni kama chama cha kwanza na cha pili viingie serikalini pamoja. Asilimia 66 wakakubali.