Edward Saidi Tingatinga (1932–1972)

Mwanafunzi, ukiulizwa mchoraji hupata wapi msukumo wa kazi yake, mkumbuke Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Hakusomea uchoraji. Alipoanza kuchora mwaka 1968, alitumia vilivyopatikana kwa bei nafuu: vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Rangi hizo hung'aa, ndiyo maana wanyama na ndege wake wanaonekana kwa rangi kali na mistari iliyo wazi. Picha zake aliwauzia wageni Oysterbay, na akawafundisha jamaa zake kuchora.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu, lakini wanafunzi wake waliuendeleza mtindo unaobeba jina lake mpaka leo.

Zingatia: Mazingira humpa msanii mawazo, nyenzo alizonazo huunda mtindo wake.

Zoezi: Tembea kijijini kwenu Kasense. Taja vitu viwili unavyoweza kuchora, na nyenzo mbili za kuchorea zisizohitaji fedha nyingi.