Bwana Eastman na Mkebe wa Kinoru

Marehemu mjomba wangu alikuwa na duka la nguo mjini Meru, na nyumba yake ilikuwa Kinoru, si mbali na kiwanja cha mpira. Sisi wa Mombasa tulikuwa tukipelekwa kwake kila shule zilipofungwa mwezi wa Disemba, meno yakigongana kwa baridi tangu tungali garini. Alikuwa na kamera ndogo ya sinema, ya kushika mkononi, na kila alipotuchukua kutembea Ziwa Nkunga, ndani ya msitu wa Imenti, hakuiacha. Sauti haikuwa nayo. Mkebe mmoja wa filamu ulikuwa wa dakika tatu na kidogo tu, basi mjomba alikuwa mchoyo wa filamu kuliko wa fedha.

Mwaka huu nilikwenda Kinoru kuhani, na baada ya siku ya tatu shangazi akaniteremshia mkebe mmoja uliobaki juu ya kabati. Mashine ya kuonyeshea tuliazima. Tukatundika shuka ukutani, tukazima taa. Mara akatokea mama yangu, msichana, anamenya chungwa ukingoni mwa maji na kumcheka anayempiga picha. Bibi yetu hakuziafiki picha kabisa. Aliona ni kujitia katika kazi ya Muumba. Kwa hiyo yeye hayumo, ila mkono wake tu, unapitisha sinia ya vitumbua kisha unarudi ndani ya buibui. Karibu nusu ya waliomo wametangulia mbele ya haki. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Tuliirudisha tukaitazama tena, na tena.

Juu ya mkebe limeandikwa Kodak. Nikataka kumjua huyo Bwana Kodak, kumbe hakupata kuwako mtu wa jina hilo. Ni neno lililobuniwa na Mmarekani aitwaye George Eastman kwa sababu aliipenda tu herufi K.

Eastman alizaliwa Waterville, katika jimbo la New York, mwaka 1854. Baba yake alifariki mwaka 1862, na mama akabaki na watoto watatu, mmoja wao mlemavu wa miguu, akawa anaweka wapangaji nyumbani ili wapate kula. Kijana akaacha shule akiwa na miaka 14, akawa tarishi wa ofisini, baadaye karani wa benki mjini Rochester. Umri wa miaka 20 na ushei alikusudia kusafiri kwenda Santo Domingo, akanunua vyombo vya kupigia picha. Siku hizo mpiga picha alikuwa kama mpagazi: hema, chupa za dawa, vioo, na sanduku la kamera zito kama jiwe. Safari yenyewe hakuiwahi, lakini ule mzigo haukumtoka moyoni. Mchana alikuwa benki, usiku alikuwa jikoni kwa mama yake akichanganya dawa, mara nyingine analala pale pale na nguo zake.

Mwaka 1880 alianza kutengeneza vioo vikavu kwa biashara. Mwaka 1888 akatoa kamera ya Kodak, bei yake dola 25, na ndani yake filamu ya picha mia moja. Mwenye nayo alipoimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani, akaletewa picha zake na kamera yenye filamu mpya. Mwaka uliofuata akatoa filamu nyepesi inayopitisha mwanga, na hiyo ndiyo Thomas Edison aliyoitumia katika majaribio yake ya picha zinazokwenda. Mwaka 1900 ikaja Brownie, ya dola moja tu, hata mtoto akaweza kununuliwa.

Sinema, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa makampuni, na sababu moja ilikuwa moto. Filamu ya milimita 35 ya wakati ule ilikuwa ikishika moto kama petroli, na nani angetaka kitu kama hicho sebuleni kwake? Mwaka 1923 kampuni ya Eastman ikatoa filamu ya milimita 16, isiyowaka ovyo. Upana huo ulichaguliwa kwa hila nzuri: mtu asiweze kuipasua kati filamu ile ya hatari akaitumia nyumbani. Tena filamu ile ile iliyopigwa ndiyo iliyorudi tayari kuonyeshwa, bila kuchapwa nyingine. Seti nzima, kamera, mashine na pazia lake, ilikuwa dola 335. Ni matajiri tu walioimudu, na matajiri hao wakapiga nini? Wake zao na watoto wao, ufukoni na kambini.

Lakini Eastman mwenyewe hakuoa wala hakuzaa. Alikaa na mama yake, naye alipofariki mwaka 1907 mzee akabaki katika jumba kubwa pamoja na watumishi. Utajiri wake aliugawa, zaidi ya dola milioni 100, kwa vyuo, muziki na zahanati za meno za watoto, mara nyingine bila kutaja jina lake.

Raha yake ilikuwa kambi. Mwaka 1926, akikaribia miaka 72, alikuja kwetu Kenya kuwinda. Alifika mpaka Marsabit, kaskazini ya hiyo Meru, kuwatembelea Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe waliokuwa wakikaa kando ya Ziwa Paradise wakipiga sinema za tembo. Porini mzee yule aliyeweza kuajiri wapishi mia alipenda kupika mwenyewe, unga na viungo akiwa amevipima tangu kwao. Siku moja alimkaribia kifaru na kamera yake ndogo. Kifaru akamjia mbio, naye hakuacha kupiga picha. Akajiepusha kando dakika ya mwisho, na bunduki za wenzake zikamwangusha mnyama hatua chache kutoka pale. Mimi namsikitikia kifaru.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maumivu. Maradhi ya uti wa mgongo yalimfanya ashindwe hata kusimama vizuri. Tarehe 14 Machi 1932, baada ya kuweka sawa wasia wake mbele ya marafiki, aliwaomba watoke chumbani, akajiua kwa bastola. Sisi tumefundishwa kuwa roho si mali ya mwenyewe, na hukumu namwachia Mola. Lakini nimekuwa nikijiuliza katika jumba lile ni nani aliyekuwapo wa kutundika shuka ukutani, na angemwonyesha nani.

Miezi michache baadaye kampuni yake ikatoa filamu ya milimita 8, ya bei nafuu zaidi. Kutokana na hiyo ndipo, mwaka 1965, ikaja ile ya Super 8, ambayo ndiyo ya mjomba.

Mkebe mwingine wa safari zile mama aliuchukua Mombasa zamani. Niliporudi niliufungua, na harufu ya siki ikanipanda puani. Filamu za namna hiyo joto na unyevu huzigeuza siki, zikasinyaa na kujikunja, na Mombasa vyote viwili tunavyo tele. Haukupita hata mzunguko mmoja wa mashine bila kukatika. Fundi mmoja wa Nairobi ameniambia vipande vichache huenda vikaokolewa, nami nimempelekea. Ule wa Kinoru nimeuacha palepale juu ya kabati, kwenye baridi, na shangazi nimemwomba asimpe mtu yeyote, hata mimi.