Abu Bakr al-Razi na jeraha lisiloonekana

Sisi tunaocheza mpira hapa Rugerero, au tunaoshuka Gisenyi kutazama mechi Uwanja wa Umuganda, tunaijua hali hii. Wawili wanarukia mpira wa juu, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Anamwagiwa maji, anaulizwa kama yuko sawa, anaitikia, hana damu, anarudi kucheza huku tukimshangilia. Kwamba hana damu si hoja, na tabibu mmoja Mwislamu alilijua hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyezaliwa karibu mwaka 865 (251 Hijria) katika mji wa Ray, jirani na Tehran ya leo. Ujanani alipiga udi na kujishughulisha na alkemia. Inasimuliwa kuwa alikwisha kupita miaka 30 alipoingia katika tiba. (Mnaodhani mmechelewa kubadilisha kitivo, mkumbukeni.) Baadaye alisimamia hospitali ya Ray, kisha ya Baghdad, mji mkuu wa Bani Abbas.

Ibn al-Nadim, aliyeandika katika karne hiyohiyo, anaeleza darasa lake. Wanafunzi waliketi kwa safu. Mgonjwa aliyeingia alieleza shida yake kwa wale aliowakuta kwanza. Wakishindwa, akapelekwa kwa safu ya pili, na wote wakishindwa ndipo al-Razi mwenyewe alipozungumza. Kila mgonjwa aliulizwa, akatazamwa, habari zake zikaandikwa. Katika ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa kama tiba ya siku zile, na wengine akawaacha makusudi ili aone tofauti. Alimheshimu Galen kama mwalimu, lakini aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka.

Wagiriki walijua kwamba kipigo cha kichwa huweza kumfanya mtu ashindwe kusema. Wanahistoria wa tiba humtaja al-Razi kuwa wa kwanza kutenga mtikisiko wa ubongo na majeraha mengine ya kichwa: fuvu halikuvunjika, ubongo haukuchanika, ila kazi yake imevurugika kwa muda. Ulaya wazo hilo lilienezwa na Lanfranc wa Milan mwishoni mwa karne ya 13.

Hata leo picha za hospitali kwa kawaida hazionyeshi kitu mtu anapopata mtikisiko wa namna hiyo, na wengi wanaoupata hawazimii kabisa. Kwa hiyo uwanjani kinachobaki ni njia ya al-Razi: kuuliza na kutazama. Madaktari wa michezo humwuliza mchezaji maswali mepesi. Tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, na tulishinda? Akikosea, atoke. Hata akijibu yote sawasawa, lakini anapepesuka, ana kizunguzungu, kichwa kinamuuma au anaonekana kama aliyepotea, atoke vilevile, na siku hiyo asirudi. Miongozo ya kimataifa, iliyoanzia mkutano wa Vienna wa 2001 na kupitiwa tena Amsterdam mwaka 2022, haina ruhusa katika hilo. Akitapika, akiona vitu viwiliviwili, akipata degedege, akiumwa shingo, akisikia ganzi mikononi au maumivu ya kichwa yakizidi, ni hospitali mara moja. Anayeumwa shingo msimnyanyue ovyo. Na usiku wa kwanza asilale peke yake chumbani. Hapo ndipo sisi wenzake tunapohusika kuliko kocha.

Turudi Ray. Al-Razi aliwatibu maskini bila malipo, na akaandika kitabu cha tiba kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu. Wapo waliomshutumu vikali kwa maoni yake kuhusu utume, akiwemo Abu Hatim al-Razi, mtu wa mji wake mwenyewe. Mjadala huo wanazuoni hawajaumaliza, nasi hatutaumaliza hapa. Kitabu chake kikubwa, al-Hawi, kilikusanywa kutokana na maandishi yake baada ya kufa kwake, na mwaka 1279 Faraj bin Salim, Myahudi wa Sicily, akakimaliza kukitafsiri kwa Kilatini.

Uzeeni alipofuka. Inasimuliwa kuwa aliletewa mganga wa kumpasua macho, naye akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Mganga hakujua. Al-Razi akakataa kuguswa, akabaki na upofu wake hadi alipofariki huko Ray mwaka 925 (313 Hijria).