Al-Khwarizmi: Mwanahesabu wa Baghdad ambaye hesabu yake yafika Manyatta

Usiku mmoja nilikuwa Manyatta, mtaa wa Kisumu ulio jirani na Kondele, nyumbani kwa ndugu yangu aliyehamia huko tangu ujana wake. Tulipokwisha sali Isha, mwanawe anayesomea elimu ya viumbe chuoni alijitenga pembeni na kompyuta yake ya kupakata. Mdogo wake alikuwa amelala ndani ya chandarua, homa ya malaria imemwandama kwa mara ya tatu mwaka ule.

Nilimwuliza kijana anafanya nini. Akanieleza kuwa anajifunza kutafuta dawa ya maradhi yale kwa njia ya hesabu, na kwamba kompyuta hufuata kitu kiitwacho algoriti. Nikacheka. Nikamwambia kwamba hilo ni jina la mtu, tena Muislamu, aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hakunisadiki. Basi msomaji mpenzi, haya ndiyo niliyomsimulia.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu 813 hata 833. Huko kulikuwa na Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, ambako wanavyuoni walikusanyika na vitabu vya Wayunani, Wahindi na Waajemi vikafasiriwa kwa Kiarabu.

Al-Khwarizmi hakuona haya kujifunza kwa wengine. Aliandika kitabu kueleza tarakimu za Wahindi, zile tisa pamoja na alama ya mahali patupu, ambayo Waarabu waliiita sifr, nasi twaiita sifuri. Alitunga majedwali ya nyota, na kitabu cha sura ya ardhi chenye kuonyesha mahali ilipo miji, milima na mito.

Lakini kilichomtukuza zaidi ni kitabu chake cha al-jabr. Hakukiandika kwa ajili ya mabingwa peke yao. Alikikusudia kwa mahitaji ya watu: biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji na, zaidi ya yote, wasia na mirathi. Nami nilipokuwa chuoni mirathi ilikuwa ikinitoa jasho, nikimtazama mwalimu kama mtu afanyaye miujiza.

Nilimpa kijana mfano mmoja uliomo kitabuni humo. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, naye ameusia mtu baki apewe sehemu ya nane ya mali pamoja na sehemu ya saba. Nikampa karatasi, nami nikaendelea na hadithi.

Al-Khwarizmi alifariki yapata 850. Karne ya 12 vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kilatini. Kile cha al-jabr kilifasiriwa huko Hispania mwaka 1145 na Mwingereza Robert of Chester. Walatini walilitamka jina lake Algoritmi, na mwisho jina la mtu likawa jina la kazi: hatua zilizopangwa moja baada ya moja, ambazo hata asiye bingwa akizifuata kwa uaminifu atafika.

Na hizo ndizo zitafutazo dawa leo. Protini ya kimelea cha malaria ni mfano wa kufuli, na dawa ni ufunguo. Funguo za kujaribiwa ni mamilioni, na kompyuta ya nyumbani yaweza kuhesabu miaka na miaka. Kompyuta kuu huunganisha maelfu ya vichakataji, ndio bongo za mashine, kila kimoja kikapewa fungu lake. Haba na haba hujaza kibaba. Funguo chache zinazoelekea kufaa ndizo hupelekwa maabara, na baadaye kwa wagonjwa. Mashine haitengenezi dawa, hupunguza kubahatisha.

Kazi hii haina subira. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa katika ukanda wa ziwa watoto 19 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa Kenya nzima ni 6. Na dawa mseto tunayoitegemea imeanza kutiliwa shaka: Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021 zilitoa habari za vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini.

Kijana alinung'unika kwamba akili anayo, mashine hana. Nikamkumbusha kuwa milango ipo. Cape Town ilizinduliwa mwaka 2016 kompyuta kuu iitwayo Lengau, maana yake duma kwa Kisetswana, ambayo mtafiti huitumia kwa mtandao bila kupanda ndege. Mwaka huo huo mtandao wa H3ABioNet ulianza mafunzo ya kuhesabu siri za viumbe, wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika wakifuata somo moja kila mmoja akiwa kwao. Nasi watu wa pwani tunayo elimu hiyo Kilifi, katika Chuo Kikuu cha Pwani.

Hata hivyo mlango peke yake hautoshi. Al-Khwarizmi alikuwa na kipaji, lakini pia alikuwa na khalifa aliyefungua hazina, akanunua vitabu na kuwalisha wanavyuoni. Kijana wa Manyatta anahitaji umeme usiokatika, mtandao usio ghali na mwalimu wa kumwongoza. Hayo si ya kipaji. Ni ya wenye mamlaka na wenye mali.

Alfajiri homa ya mtoto ilikuwa imeshuka kwa dawa aliyopewa. Kijana alinipa karatasi yangu. Mali aliigawa mafungu 1120: mtu baki 300, mume 205, mtoto wa kiume 246, na kila binti 123. Nikajumlisha mara mbili. Hakukosea hata fungu moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu al-Khwarizmi, na awape vijana wetu wa kuwafungulia.